Adui Naye Ana Mama

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa tai. Mama alinifungia mwenyewe gatini Bukoba, nami nikalala nayo melini nisije nikashindwa kuifunga tena nikifika. Nilikuwa nimemwambia nimepata kazi ya ukalimani mjini Mwanza, na kwetu Kagera mkalimani ni mtu wa kuketi karibu na askofu. Nilipofika Mabatini nikaonyeshwa banda la mabati lenye mabenchi, televisheni iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, deki ya mikanda na harufu ya jasho la jana. Mwenye banda tulimwita Mwenyekiti, kwa sababu alikuwa balozi wa nyumba kumi na alipenda vikao. Aliitazama ile tai, akacheka mpaka akatafuta mahali pa kukaa.

"Wewe ni Mhaya?" akaniuliza.

"Ndiyo, mzee."

"Basi Kiingereza umezaliwa nacho. Shika maiki."

Nilimweleza kwamba Kiingereza changu kiliishia kidato cha pili, na hata hapo kiliishia kwa ugomvi. Hakujali. "Kinatosha," akasema. "Picha za bunduki hazina maneno mengi. Kabla mtu hajamaliza kuongea, mwenzake ameshakufa."

Ndivyo nilivyoingia katika kazi ya kutafsiri picha, na sikuiacha mpaka nywele ziliponigeuka. Ninyi vijana mnaotazama picha kwenye simu, mmelala chali, huenda hamjui tulifanya nini. Siku hizi mtafsiri anarekodi sauti yake kwenye kompyuta, akikosea anarudia. Sisi tulikaa pembeni mwa televisheni, sauti ya picha imepunguzwa, tukasema Kiswahili papo hapo juu ya maneno ya Wazungu, Wahindi na Wachina. Kichina hakuna aliyekijua. Ulimtazama mtu usoni, ukaona kama anadai, anatongoza au anaaga, ukasema hilo hilo. Nimewahi kumwona Mchina akilia dakika nzima bila kutamka neno, nami nikasema neno moja tu, "Mama," na banda zima likanyamaza.

Kazi ilikuwa na lugha yake. Mhusika mkuu aliitwa steringi, na yeyote aliyempinga aliitwa adui, hata kama ni mkwe wake. Sheria ya kwanza ni kwamba steringi hafi. Mteja anaweza kuvumilia joto, kunguni na umeme kukatika, lakini steringi akifa anadai kurudishiwa kiingilio. Majina ya kigeni tuliyatupa, tukawapa watu wa Hong Kong majina ya Masanja na Maige ili Mabatini iwashike. Hata picha zenyewe wateja walizibatiza upya. Nitawaeleza hasa juu ya moja kati ya hizo, picha ya majambazi na damu, ambayo nusura imtoe mtu roho, na mtu mwenyewe hakuwa ndani ya televisheni.

Kutoka Mabatini nilihamia Mirongo, kwa bosi mwanamke. Alikuwa mhasibu mstaafu wa chama cha pamba, na Mama Mhasibu alibaki kuwa jina lake mpaka kaburini. Yeye ndiye aliyenifanya fundi. Alinilazimisha kuitazama kila picha asubuhi, peke yangu, kabla wateja hawajaingia. Nililalamika kwamba Mwenyekiti hakunidai hivyo.

"Na ndiyo maana kule uliwahi kumwita adui steringi, watu wakavunja benchi," akanijibu. "Mwanangu, mwalimu haingii darasani na kitabu hajakifungua."

Hakutaka matusi pia. Wazungu wakitukana, na katika picha za majambazi wanatukana kama wanaolipwa kwa tusi, mimi nilitakiwa kuyageuza yawe utani. Nilikuwa na utani wa Wasukuma na Wahaya, wa mashemeji, wa mabibi na wajukuu, na watu walicheka kuliko ambavyo wangecheka tusi. Nilimpenda yule mama, na nilimwogopa kidogo. Lakini deki zilipokuwa rahisi, kila nyumba ikanunua ya kwake, mabenchi ya Mirongo yakaanza kushika vumbi. Ikabidi nitafute mahali ambapo watu wana muda na hawana la kufanya.

Mahali hapo palikuwa Busisi. Kabla ya daraja, mtu wa kutoka Geita au Sengerema kwenda Mwanza alivuka ziwa kwa kivuko, na kivuko kilikuja kilipotaka. Mabasi yalipanga foleni, malori yakapanga foleni, mama mjamzito akangoja na mwenye maiti akangoja. Hapo kando ya foleni palikuwa na banda zuri la matofali, mali ya fundi mstaafu wa injini za meli aliyeitwa Injinia. Alikuwa Msukuma mrefu, mpole, mwenye vidole vinene visivyotakata mafuta. Aliniita Profesa tangu siku ya kwanza, kwa kejeli ya kirafiki inayotupata Wahaya kila tuendako.

Pale nilijifunza ufundi ambao sidhani ulikuwapo kwingine. Tuliuita kumalizia. Kivuko kikipiga honi, picha ingali katikati, nusu ya watu wanasimama kukimbilia mabasi yao, na huwezi kumwacha mtu avuke ziwa bila kujua kama yule dada aliokolewa. Basi nilisimamisha mkanda, nikawapa mwisho wote mbio mbio wakitoka mlangoni. "Anaokolewa! Yule mnene anakufa! Harusi inafanyika ufukweni! Safari njema!" Waliobaki walijiziba masikio, wakanililia niharakishe, kisha tukaendelea. Nilikutana na watu Mwanza mjini waliokuwa hawajawahi kuona mwisho wa picha yoyote kwa macho, lakini wote walikuwa wanaujua.

Sasa ile picha. Jina lake halisi lilikuwa refu, wateja wakaiita Mmoja Mmoja. Mtu anarudi nyumbani, anakuta genge la majambazi limemuua mdogo wake. Anafukua bunduki aliyoificha bustanini, anaanza kuwatafuta. Mmoja anamkuta bafuni, mmoja sokoni, mmoja kanisani, mpaka wa mwisho, juu ya paa, kwenye mvua.

Mimi ni mpenzi wa picha za mauaji, nasema mapema msije mkadhani nahubiri. Wanaosema zinaharibu vijana, naona wengi wao vijana wao waliharibika kwa mambo mengine. Na Mmoja Mmoja ilikuwa picha nzuri. Aliyeipiga alijua kazi. Kuna mahali jambazi mnene anamenya chungwa kwa kisu, polepole, ganda halikatiki, nawe unajua steringi yuko nyuma ya pazia. Wavuvi wazima waliozoea mawimbi walikuwa wakishika mikono ya watu wasiowajua. Steringi hana maneno ya ovyo, na ile mvua ya mwisho inakufanya utamani sweta. Kasoro ndogo zipo. Koti lake halichaniki hata anaporuka dirishani, na polisi wanafika damu imeshakauka. Hayo nasamehe.

Kilichonikera ni kwamba mle watu walikufa kuliko kuku wa Krismasi, na hakuna hata mmoja aliyezikwa. Steringi mwenyewe anamfunika mdogo wake shuka, anatoka, basi. Nani aliosha ile maiti? Nani aliwaambia wajomba? Kwetu mtu akifa ndipo kazi inapoanza. Turubai litafutwe, kuni zije, maharage yapikwe, wanawake walale chini, wanaume waote moto na kubishana kaburi liwe wapi. Mle mtu akianguka kamera inamruka, inakwenda kumtafuta mwingine. Nilikuwa nikiitazama asubuhi peke yangu, kama Mama Mhasibu alivyonifundisha, na kila mara nilibaki na hasira nisiyojua niipeleke wapi.

Ningebaki na maoni yangu moyoni kama si kilichompata Injinia. Alikuwa na mdogo wake, Bahati, mvuvi. Majambazi wa ziwani walimvamia, wakamchukulia injini ya mtumbwi, wakampiga kwa kasia na kumtupa majini. Mwili uliokotwa umeshaharibika, ukazikwa siku ile ile. Muda si mrefu wavuvi wawili wakamnong'oneza Injinia kwamba katika lile kundi walimtambua Masumbuko, kijana wa hapo hapo Busisi, ambaye tangu siku hiyo alikuwa amejificha visiwani. Mama yake tulimjua wote. Alikuwa akikaanga sato mlangoni mwa banda letu, na wateja waliingia na samaki wake kwenye gazeti.

Injinia hakupiga kelele. Alinunua panga jipya, akaliweka nyuma ya meza ya deki, kisha akaniamuru niweke Mmoja Mmoja. Kesho yake akaniamuru tena. Na tena. Wasafiri walikuwa wanabadilika kila siku, kwa hiyo biashara haikuumia, ila yeye hakubadilika. Alikaa benchi la mbele na kuitazama yote, midomo ikicheza, maneno yangu akiyajua kwa moyo. Sato za yule mama aliacha kununua.

"Injinia," nikamwambia siku moja, "picha hii tumeichosha."

"Mimi haijanichosha, Profesa. Inanipasha moto."

"Moto wa nini?"

"Atakuja kumwona mama yake. Mtu hamkimbii mama yake moja kwa moja. Akishuka kwenye kivuko, mimi na yeye." Akaliangalia lile panga. "Sitaki nije nipoe kabla."

Nilimwambia kuna polisi. Akasema polisi wanafika damu imeshakauka, na kumbe maneno hayo nilikuwa nimeyasema mimi mwenyewe kwenye maiki, nikichekesha watu, mara zisizo na idadi. Niliogopa. Nilimwona rafiki yangu akielekea gerezani au kaburini, na mimi ndiye niliyekuwa namsindikiza kwa sauti yangu.

Kesho yake jambazi wa mwisho alipoanguka kutoka juu ya paa, na majina yakaanza kupanda kwenye kioo kama yanavyopanda mwisho wa kila picha, watu wakainuka. Hapo ndipo mtafsiri huaga wateja. Mimi sikuaga.

"Kaeni," nikasema. "Haijaisha. Habari zimefika kwa mama yake. Alikuwa anachambua mchele, ameuacha. Anauliza mwanangu yuko wapi, nani amemfunika? Sasa mnayaona majina hayo? Hao ndio waliofika msibani. Huyu wa juu ameleta turubai. Huyu ni mjomba, amekuja kwa baiskeli. Hawa watatu wamechimba kaburi, udongo ulikuwa mgumu. Huyu mama ameleta debe la maharage, wala hakuwa na uwezo."

Mtu mmoja akacheka, mwenzake akamnyamazisha. Wakakaa. Niliwazika wote, yule wa bafuni, yule wa sokoni, yule wa chungwa, mpaka majina yakaisha na kioo kikawa cheusi. Mlangoni mafuta yalikuwa yakichemka kwenye kikaango na hakuna aliyegeuza samaki.

Injinia alichomoa waya wa deki kwa nguvu. "Nani amekwambia adui ana mama?"

"Yuko hapo nje, Injinia. Anakaanga sato."

"Toka. Kesho usije."

Nilitoka. Nilirudi kesho yake mchana kuchukua maiki, ambayo ilikuwa yangu mwenyewe, na nikakuta banda limejaa na picha iko kwenye mvua ya mwisho. Injinia alikuwa akitafsiri mwenyewe, kwa sauti ya fundi anayesoma maelekezo ya mashine. Jambazi akaanguka, majina yakaanza kupanda, naye akaushusha mkono ulioshika maiki. Lakini katika wale watu walikuwamo waliokosa kuvuka jana, wakawahadithia wenzao foleni nzima.

"Na msiba?" akauliza dereva mmoja wa lori.

"Hakuna msiba."

"Jana ulikuwapo! Tumekaa kwa ajili ya msiba!"

Kelele zikaanza. Honi ya kivuko ikalia, na kwa mara ya kwanza tangu nifike Busisi hakuna aliyesimama. Kondakta wa basi aliingia kuwaita abiria wake, akaishia kukaa nao. Injinia alinitafuta kwa macho, akaniona mlangoni. Sikusogea. Akainua maiki.

"Haya. Huyu adui, habari zimefika kwao. Turubai limeletwa. Kaburi..." Akaanza upya. "Kaburi limechimbwa na vijana wa jirani. Mwili haukuoshwa, ulikuwa umeshaharibika. Ulitoka majini. Wakauliza kaka yake yuko wapi atupe udongo. Kaka yake hayupo. Kaka yake amechukua mtumbwi, yuko ziwani anatafuta watu wa kuua." Akakaa kwenye benchi, maiki bado mdomoni. "Mimi sikumzika Bahati. Jamani, mimi sikumzika mdogo wangu."

Akalia. Mzee mzima alilia kwenye spika mbili kubwa, na foleni yote ya kivuko ikasikia. Wanawake waliokuwa ndani, wasiomjua yeye wala Bahati, walishuka kwenye mabenchi wakakaa chini, kama inavyotakiwa. Wanaume wakavua kofia. Na mimi, mtu wa maneno, nililia pia, wala sikujificha.

Ndipo Mama Masumbuko alipoingia. Aliacha kikaango, akapita katikati ya watu, mikono inanuka samaki, akaketi chini mbele ya Injinia.

"Baba," akasema, "pole. Nilishindwa kuja kukupa pole, niliona aibu." Akafuta mikono kwenye aproni. "Masumbuko anakuja keshokutwa. Ametuma salamu. Atavuka na kivuko cha mchana."

"Mayu, unajua unachosema?" Injinia akamwita mama, kwa Kisukuma. "Huyo ni mwanao."

"Ni mwanangu, ndiyo maana nasema. Ukimpokea wewe utamuua, nawe utafungwa, tutabaki nyumba mbili zinalia. Twende kituoni mimi na wewe. Wamchukue akiwa mzima, aseme alikuwa na nani."

Injinia akafuta uso kwa kiganja, akasimama, akamwinua yule mama kwa mkono. Walikwenda kituo cha polisi kwa miguu, yeye mbele, mama nyuma na aproni yake. Aliponipita mlangoni aliniambia, "Profesa, wamalizie watu wakavuke." Panga lilibaki nyuma ya meza. Baadaye tulilitumia kufyekea majani.

Masumbuko alikamatwa siku hiyo ya kivuko bila hata kusukumwa, mama yake akiwa pembeni. Aliwataja wenzake wote. Mahakama iliona si yeye aliyeshika lile kasia, ikamfunga kwa lile alilolifanya, na hilo nalo lilikuwa na miaka yake. Injinia alirudi kununua sato. Nami nilirudi kwenye maiki, na tangu hapo sikumaliza picha ya mauaji bila kuwazika watu. Wateja walikuja kuiona kama sehemu ya picha. Wapo waliosinzia wakati wa risasi na kuamka wakati wa majina.

Daraja lilipokamilika, foleni ikaisha kwa siku moja, na kazi yangu nayo. Watu waliniuliza kama nimeumia. Nani analilia foleni? Nimeona wanawake wakizaa ndani ya mabasi pale wakingoja honi. Daraja ni zuri, napenda kusimama Kigongo, ng'ambo ya pili, nikayatazama magari yanavyopita bila kumwomba mtu. Wajukuu zangu wananionyesha picha mpya za majambazi kwenye simu na kunitaka maoni. Nawaambia ukweli: damu imekuwa bora, mwanga umekuwa bora, na kuna mabinti wanaotafsiri siku hizi wananishinda kwa mbali. Nafurahi kuwasikia. Wao ninawaomba kitu kimoja tu, majina yakianza kupanda wasikimbilie kuzima.

Injinia na mimi bado tunakutana. Banda aliligeuza duka la vyakula, na tunakaa barazani tukinywa kahawa na kubishana juu ya mpira. Mwaka huu, mchana mmoja, aliingia mtu aliyekonda, kichwa kimeingia mvi kabla ya wakati, akanunua unga na sukari. Sikumtambua mpaka alipotoka na kusimama mbele yetu, mfuko mkononi. Alikuwa Masumbuko. Kifungo chake kilikuwa kimekwisha.

"Shikamoo, Injinia," akasema.

Kahawa ilikuwa imefika midomoni mwa Injinia, akairudisha chini. Maisha yangu yote kazi yangu ilikuwa kuwasemea watu, na pale ulimi uliniwasha kweli. Niliufunga. Masumbuko hakuondoka, wala hakuinua macho. Lori likapita kuelekea darajani, vumbi likatulia.

"Marahaba," akasema Injinia. "Mama hajambo?"